Nguo Iliyokuwa Nusu ya Chombo

Tarehe 20 Agosti 1932, Mwingereza mmoja wa miaka 25, Gino Watkins, aliingia kwenye kayaki yake na kwenda peke yake kuwinda sili katika ghuba moja ya Greenland Mashariki. Hakurudi. Wenzake waliotoka kumtafuta waliikuta kwanza kayaki ikielea, imejaa maji. Baadaye, juu ya bonge la barafu lililokuwa likielea, wakaona suruali yake na mkanda wake wa kayaki, vyote vimelowa chepechepe. Maiti haikupatikana.

Watkins hakuwa mgeni wa chombo hicho. Mwaka 1930 hadi 1931 aliongoza msafara mkubwa wa Waingereza katika pwani hiyohiyo, akajifunza kwa wawindaji wenyeji ufundi ambao Wazungu wachache mno walikuwa nao: kupinduka na kayaki, kichwa chini majini, kisha kujiinua tena bila kutoka ndani. Ndiyo maana suruali na mkanda viliwasumbua wenzake. Walikisia kwamba huenda alipanda juu ya barafu, kayaki ikachukuliwa na maji, naye akavua nguo nzito ili aogelee kuifuata. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi alipotengana na chombo na nguo zake alikuwa amebakiwa na dakika chache tu.

Msomaji aliyekulia kwenye bahari yenye joto anahitaji kusimama hapa kidogo. Mvuvi wa Lamu au Mafia akitoka na mtumbwi huvaa kaptura au hujifunga kikoi, fulana iliyochakaa, na kofia ya kumkinga na jua. Hupakia dumu la maji, mishipi, chambo na kata ya kufutia maji, akasukuma chombo. Akianguka baharini, maji yenyewe yana nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Ataogelea, atashika ubavu wa mtumbwi, atapanda. Hatari ipo, lakini muda pia upo. Katika bahari ya Greenland maji hukaribia sifuri. Dakika ya kwanza mtu hutweta bila kujizuia, na pumzi moja ikivutwa chini ya maji inatosha kumuua. Baada ya dakika kumi hivi vidole havishiki tena. Kuogelea, ambako kwingine ndiko tegemeo la mtu, huko hakumsaidii mtu kitu.

Kwa hiyo, kwa ajili ya kayaki, watu wa Aktiki hawakushona nguo za kuogelea wala za kuelea. Walishona nguo ya kuwafanya wasitoke kabisa ndani ya chombo. Swali la mwindaji kila asubuhi, avae nini na apakie nini kwa siku ya kupiga kafi, lilijibiwa kwa vazi ambalo kwa haki kabisa lilikuwa nusu ya chombo chenyewe. Na aliyelitengeneza alikuwa mwanamke.

Kayaki ilienea kaskazini yote, kutoka Siberia Mashariki na Alaska, kupitia Kanada, hadi Greenland. Mababu wa Wainuiti wa leo waliondoka Alaska kuelekea mashariki yapata miaka 1000 hadi 800 iliyopita, wakiwa na kayaki na zana za kuwindia wanyama wa baharini. Kiunzi kilijengwa na mwanamume kwa magogo yaliyoletwa ufukweni na mawimbi, maana nchi nyingi za huko hazina miti, na vipimo vilitoka kwenye mwili wake: urefu wa mikono iliyonyooshwa, upana wa nyonga, kimo cha ngumi na kidole gumba. Kayaki ya mtu mmoja haikumfaa mwingine. Kiunzi kikishakamilika, wanawake walikusanyika wakakivika ngozi za sili zilizolowa, wakashona mbio kabla hazijakauka na kukaza. Juu ya chombo lilibaki shimo moja tu, la kukalia, lenye ukingo wa mbao.

Shimo hilo ndilo lililokuwa udhaifu wote wa kayaki. Wimbi moja likiingia hapo, mambo yamekwisha.

Huko Greenland jibu liliitwa tuilik. Ni koti refu la ngozi ya sili iliyonyolewa manyoya, lenye kofia, lisilo na ufunguzi kifuani. Mtu alilivaa kwa kulipitisha kichwani, akaingia kwenye kayaki, kisha akavuta pindo la chini juu ya ukingo wa shimo na kulikaza kwa kamba. Kamba nyingine ilikaza kofia kuzunguka uso, nyingine vifundo vya mikono. Baada ya hapo kilichobaki wazi ni uso tu, kutoka paji hadi kidevuni. Maji yaliweza kupita juu yake, pembeni yake na hata juu ya kichwa chake, ndani ya chombo pakabaki pakavu.

Siku za bahari shwari alitumia akuilisaq, nusu-koti lisilo na mikono wala kofia, lililofunga ukingo kwa chini na kupanda hadi kifuani likishikiliwa na mikanda mabegani. Lilikuwa jepesi, mikono ilikuwa huru, jasho lilipungua. Lakini mtu akipinduka akiwa na nusu-koti, maji humwingilia shingoni na mikononi, ingawa chombo hubaki kimefungwa. Kuchagua kati ya mavazi hayo mawili kulikuwa kuisoma hali ya hewa ya siku nzima, na aliyekosea asubuhi hakuweza kubadilisha nguo akiwa katikati ya ghuba.

Mikononi alivaa glovu za ngozi zisizotenganisha vidole, nyingine zikiwa na vidole gumba viwili. Upande mmoja ukilowa au kuchakaa, aliigeuza akatumia upande wa pili. Miguuni alikuwa na viatu virefu vya ngozi. Ndani ya tuilik alivaa vazi la manyoya au la ngozi za ndege, manyoya yakiwa yameelekea mwilini, ili joto lisiondoke. Ngozi ya nje haikuwa na kazi ya kutia joto hata kidogo. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuzuia maji.

Namna ngozi hiyo ilivyozuia maji inafaa kutazamwa kwa karibu, kwani hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mwanamke alikwangua mafuta kwa kisu chake chenye makali ya mviringo, ulu, akailoweka ngozi hadi manyoya yakaachia, akaitandaza na kuikausha. Iliyokauka ikawa ngumu, akailainisha kwa kuisugua na hata kwa kuitafuna. Wanawake wazee wengi walibaki na meno yaliyolika hadi karibu na ufizi. Kisha ngozi ilipakwa mafuta ya sili, na kupakwa tena na tena maisha yake yote.

Lakini ngozi nzuri yenye mshono mbaya ni chujio. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Basi mshonaji alilaza kingo za vipande viwili kimoja juu ya kingine, akapitisha sindano ndani ya unene wa ngozi, ikaingia na kutoka upande uleule bila kutokeza wa pili. Akimaliza mstari mzima, aligeuza kazi na kushona mstari wa pili kutoka upande mwingine, vivyo hivyo. Hakukuwa na tundu hata moja lililopenya moja kwa moja kutoka nje hadi ndani. Ngozi yenyewe ilikuwa na unene wa milimita chache. Alifanya hivyo wakati wa baridi, kwa mwanga wa taa ya mafuta, kwa sindano ambayo zamani ilikuwa ya mfupa. Haishangazi kwamba wavuvi wa nyangumi wa Kiholanzi walipoanza kufika Greenland katika karne ya 17 na 18, sindano za chuma zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotakwa sana.

Uzi pia ulichaguliwa kwa sababu. Ulikuwa wa kano, za nyangumi au za kulungu wa kaskazini, zilizochanwa na kusokotwa. Kano hufura zikilowa. Mshono ukipigwa na maji, uzi ulivimba na kuziba tundu lililobaki. Yaani bahari yenyewe ndiyo iliyokaza vazi.

Umri wa ufundi huu unajulikana kwa bahati. Mwaka 1972 ndugu wawili waliokuwa wakiwinda walikuta makaburi chini ya mwamba mahali paitwapo Qilakitsoq, pwani ya magharibi ya Greenland. Ndani mlikuwa na miili minane iliyokaushwa na baridi, wanawake sita na watoto wawili, na mavazi 78. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba walizikwa yapata mwaka 1475. Hayakuwa mavazi ya kayaki, lakini ni kazi ya mikono ya aina ileile: ngozi za ndege za kuvaliwa ndani, ngozi za sili nje, kila kipande kimekatwa kufuata mwelekeo wa manyoya na sehemu ya mwili itakayokivaa. Mtu anayetazama mavazi hayo leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Nuuk anaona kazi ya watu waliokwisha kuumudu ufundi wao vizazi vingi kabla ya meli yoyote ya Denmark kutia nanga huko.

Pindo la tuilik ndilo lililowezesha kujiinua kwa kayaki, jambo ambalo wageni walisimulia kama mazingaombwe. Mmishenari David Crantz, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Greenland mwaka 1765, aliorodhesha mazoezi kumi ambayo vijana walifundishwa: kujiinua kwa kafi, kujiinua kafi likiwa limenasa kwenye kamba, kujiinua kwa kibao cha kurushia chusa, hata kwa mkono mtupu. Kila zoezi lilikuwa jibu la ajali fulani iliyokwisha kutokea kwa mtu. Lakini orodha yote hiyo ingekuwa haina maana kama maji yangeingia kwenye shimo. Wasimuliaji walimsifu mwindaji kwa wepesi wake, na alistahili. Ila kila mara alipoibuka akiwa hai, mshono ulikuwa umefanya kazi yake kwanza.

Maelfu ya kilomita kutoka hapo, kwenye Visiwa vya Aleuti kati ya Alaska na Urusi, Waunangan walilitatua tatizo hilohilo kwa malighafi nyingine kabisa: matumbo. Visiwa hivyo vina ukungu, mvua na upepo karibu mwaka mzima. Wanawake walichukua matumbo ya simba-bahari, sili au dubu, wakayasafisha, wakakwangua tabaka la nje na la ndani hadi ukabaki utando mwembamba unaopenyeza mwanga. Wakayajaza hewa, wakayaanika kwenye upepo, kisha wakayapasua kwa urefu yakawa mikanda mirefu. Mikanda hiyo ilishonwa mmoja juu ya mwingine kuuzunguka mwili, kuanzia magotini hadi kwenye kofia. Ndani ya mshono walilaza ujani mwembamba wa nyasi za ufukweni, ambao nao ulifura ukilowa.

Vazi hilo, chigdax kwa lugha yao, lilikuwa jepesi kiasi kwamba lilikunjwa likawa fungu dogo. Likiwa kavu lilikuwa rahisi kupasuka, hivyo mwindaji alililowesha kidogo kabla ya kulivaa. Halikuingiza maji ya nje, lakini liliuacha mvuke wa jasho utoke. Sifa hizo mbili kwa pamoja ndizo viwanda vilivyozitafuta kwa muda mrefu. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aligundua namna ya kuvuta plastiki fulani ikawa utando wenye vitundu vidogo mno, na kitambaa kilichotokana na ugunduzi huo kikaingia sokoni katika miaka ya 1970. Wanawake wa Unalaska, kimojawapo cha visiwa hivyo vya Aleuti, walikuwa wameyafikia matokeo hayo kwa utumbo na kikwangulio.

Kichwani Mwunangan alivaa kofia ya mbao. Ubao mwembamba ulichongwa, ukalainishwa kwa mvuke na maji ya moto, ukakunjwa na kushonwa nyuma. Ukingo wake wa mbele ulitokeza mbali sana, ukayakinga macho na mng'ao wa maji na marasharasha ya mawimbi. Kofia zilipakwa rangi na kupambwa kwa sharubu za simba-bahari, na mnyama mmoja hana sharubu nyingi ndefu, kwa hiyo kofia yenye sharubu tele ilitangaza kwa kila aliyeiona kwamba mwenyewe ni mwindaji hodari. Tatizo la mng'ao lilijulikana pia Greenland, ambako wawindaji walivaa vikinga-macho vya mbao. Huko madaktari wa Denmark wa karne ya 19 waliandika juu ya maradhi ya kutisha yaliyowapata watu kwenye bahari tulivu, jua likimulika: mtu peke yake ndani ya kayaki hupoteza hisia ya juu na chini, akaganda kwa hofu, asiweze kuinua kafi. Wapo waliookolewa na wenzao, wakakataa kabisa kurudi baharini.

Mizigo nayo ilitii amri ya nguo. Mtu aliyefungwa kwenye shimo kwa tuilik hawezi kutia mkono ndani ya chombo kuchukua kitu; akifungua pindo amefungua mlango wa maji. Kwa hiyo kila kitu cha siku hiyo kilikaa nje, juu ya ngozi ya chombo, chini ya mikanda iliyokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila kitu kilikuwa na mahali pake ambapo mkono ungepapata bila macho kuangalia.

Katika kayaki ya Greenland, mbele ya mwindaji palikuwa na kigoda kidogo kilichobeba kamba ndefu ya ngozi iliyoviringwa. Chusa lililala kuume, pamoja na kibao cha kulirushia, norsaq, kinachouongezea mkono urefu na nguvu. Nyuma yake alifunga boya, avataq, ngozi nzima ya sili mdogo iliyojazwa hewa. Palikuwa pia na mkuki wa kumalizia, mshale wa ndege wenye ncha kadhaa, kisu, na kafi lenye bapa pande zote mbili ambalo halikutoka mkononi. Chusa likimpata sili, kichwa chake kilichomoka na kubaki mwilini mwa mnyama, kamba ikafyatuka kutoka kwenye kigoda, na boya likarushwa majini kumchosha. Sekunde hizo zilikuwa za hatari kuliko zote. Kamba ikinasa mkono au zana moja iliyowekwa mahali pasipo pake, sili alimpindua mtu na chombo. Kupanga mizigo kulikuwa kuamua mapema kamba itapita wapi.

Vitu vidogo vilionyesha fikra ileile. Kulikuwa na vijiti vilivyochongwa kuziba majeraha ya sili, ili damu, ambayo ni chakula, isipotee baharini. Kulikuwa na mrija wa kupulizia hewa chini ya ngozi ya mnyama ili aelee akivutwa, na vifungo vya mfupa au pembe vya kufungia kamba ya kuvutia haraka, mikono ikiwa imekufa ganzi. Waunangan walikuwa na mrija wao wa kutolea maji: kipande cha mti kilichotobolewa, kinene katikati, chembamba ncha zote mbili. Mtu alikichovya kwenye maji yaliyovuja, akayafyonza kwa mdomo, akaziba tundu la juu, akamwaga nje. Bunduki zilipofika Greenland, mfuko wa ngozi wa kuifunika bunduki uliongezwa mbele, na pazia jeupe la kumficha mwindaji likasimamishwa ili sili adhani anaona barafu tu.

Chakula cha mchana karibu hakitajwi. Mizigo yote ilikuwa ya kukitafuta.

Palikuwa na vazi moja lililoacha kayaki kando na kumfunga mtu peke yake. Hans Egede, mmishenari aliyefika Greenland mwaka 1721, aliwaona wawindaji wa nyangumi wakivaa nguo ya kipande kimoja, kofia, mikono na viatu vyote vikiwa vimeshonwa pamoja. Mtu aliingia kwa kupitia tundu la duara kifuani, kisha tundu likafungwa kwa kamba. Hewa ikiwa imebaki ndani, aliweza kuruka kutoka kwenye mashua, akaelea kando ya nyangumi aliyekufa na kumkata mafuta hapohapo majini. Nguo moja ya aina hiyo iliyotoka Ghuba ya Disko mwaka 1834 ipo hadi sasa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Denmark mjini Copenhagen. Wapiga mbizi na wafanyakazi wa visima vya mafuta baharini wakitazama picha yake watalitambua vazi lao.

Wageni walioiona kazi hii walijua thamani yake tangu mwanzo. Msafara wa Kirusi wa Vitus Bering ulipokutana na Waunangan mwaka 1741, mwanasayansi Georg Wilhelm Steller aliandika habari za mashati yao ya matumbo yaliyoshonwa kwa ustadi. Mwaka 1778 nahodha Mwingereza James Cook alitia nanga Unalaska, na mchoraji wake John Webber akaacha michoro ya watu, kayaki na kofia zao. Kisha wakaja wafanyabiashara wa manyoya wa Kirusi, na sifa ikageuka balaa. Wanaume walilazimishwa kwenda na kayaki zao kuwinda fisi maji wa baharini kwa faida ya makampuni, mara nyingi wake na watoto wao wakishikwa rehani. Maradhi, njaa na mauaji viliangamiza sehemu kubwa ya watu hao. Katika miaka hiyohiyo wanawake wao walishona kwa matumbo makoti yenye kola na vikepu vya mabegani, kwa mtindo wa maofisa wa Urusi, yamepambwa kwa nakshi laini ajabu. Makoti hayo yapo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Ni vigumu kuyatazama bila kukumbuka yalishonwa katika hali gani.

Ulaya yenyewe ilichukua njia nyingine. Watu wake walijali zaidi mtu atakayetoka chomboni. Mwaka 1854 Kapteni John Ross Ward, wa taasisi ya mashua za uokoaji ya Uingereza, alibuni jaketi la magome ya koki lililofungwa kifuani mwa wapiga makasia. Tarehe 9 Februari 1861 mashua ya uokoaji ya Whitby ilipinduka wakati wa dhoruba kali. Kati ya wanaume 13 waliokuwemo alinusurika mmoja, Henry Freeman, ndiye pekee aliyekuwa amevaa jaketi hilo jipya. Maboya ya kuvaa ya leo, yale ya rangi ya chungwa yanayoonekana kwenye boti za Zanzibar na Ziwa Viktoria, yanatokana na fikra hiyo.

Miaka minne baada ya Whitby, wakili wa Kiskoti John MacGregor alianzisha mtindo wa kupiga kafi kwa starehe. Mwaka 1865 alisafiri katika mito ya Ulaya, ukiwemo Rhine na Danube, kwa chombo cha mbao chenye umbo lililokopwa kwenye kayaki, alichokiita Rob Roy. Alivaa suti ya flana ya kijivu, na mizigo yake ya miezi mitatu ilikuwa na uzito wa takriban kilo 4. Kitabu chake cha mwaka 1866 kilisomwa sana, na vilabu vikaanzishwa. Umbo la kayaki lilikuwa limevuka bahari, nguo haikuvuka. Kwenye mto wa kiangazi, karibu na hoteli, haikuhitajika.

Mnorwe Fridtjof Nansen ndiye aliyeieleza nguo hiyo vizuri zaidi. Alikaa Godthaab, Nuuk ya leo, majira ya baridi ya 1888 na 1889, akajifunza kayaki, na katika kitabu chake cha mwaka 1891 akafafanua koti zima na nusu-koti kipande kwa kipande. Mwaustria Edi Hans Pawlata, aliyesoma maandishi kama hayo, akafanikiwa mwaka 1927 kujiinua kwa kayaki bila mwalimu. Watkins, miaka michache baadaye, alikwenda kujifunza kwa wenyewe.

Wakati huo wenyewe walikuwa wameanza kuiacha kayaki. Maji ya Greenland Magharibi yalipopata joto kidogo mwanzoni mwa karne ya 20, sili walipungua na chewa wakaongezeka, watu wakageukia uvuvi wa samaki. Boti za mota zikafuata. Tuilik zilishonwa kwa turubai iliyopakwa mafuta, baadaye zikakoma kushonwa sehemu nyingi. Kwenye Aleuti, mkataba wa mwaka 1911 wa kuwalinda fisi maji ulifunga uwindaji uliokuwa umebaki, na vita vya dunia vilileta kuhamishwa kwa nguvu kwa Waunangan mwaka 1942. Kilichochukua nafasi ya ngozi na matumbo kilitoka maabara: mpira wa neoprini, uliotengenezwa Marekani mwaka 1930, ambao mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California aliutumia miaka ya mwanzo ya 1950 kubuni vazi la wapiga mbizi. Wapiga kafi wa maji baridi wakalichukua.

Miaka ya 1980 vijana wa Greenland waliunda chama chao cha kayaki, Qaannat Kattuffiat, wakaanza kuwatafuta wazee waliokumbuka. Mashindano ya taifa hufanyika sasa kila kiangazi: mbio, kurusha chusa, mazoezi ya kamba, na kujiinua kwa namna zaidi ya thelathini, kila moja ikiwa na jina lake. Mwaka 1998 Maligiaq Padilla alitwaa ubingwa akiwa na miaka 16 tu. Washindani huvaa tuilik, siku hizi ya neoprini nyeusi, iliyokatwa kwa kufuata umbo lilelile la kale, pindo likikazwa kwenye ukingo na kofia ikikazwa usoni. Wanawake nao hushindana, ndani ya vazi ambalo mabibi zao walilishona ili livaliwe na wengine.

Kushona kwenyewe kumeanza kutafutwa upya. Katika makusanyo mengi ya mavazi haya, jina lililoandikwa kwenye kadi ni la nahodha, mfanyabiashara au mmishenari aliyeyachukua. La mshonaji halimo. Mwaka 2014 kituo cha masomo ya Aktiki cha taasisi ya Marekani ya Smithsonian mjini Anchorage kiliwakutanisha washonaji wa Alaska, wakiwemo Mary Tunuchuk na Elaine Kingeekuk, kufanya kazi ya matumbo mbele ya wanafunzi na wahifadhi wa makumbusho. Walileta matumbo mabichi, wakayakwangua, wakayajaza hewa na kuyakausha, wakashona, na yote yakarekodiwa kwenye video. Wahifadhi waliokuwa wakiyatunza makoti ya karne mbili zilizopita walikaa nao wakiuliza namna ya kurekebisha mshono uliofumuka, na jibu likaanza na kuulowesha utando kwanza, ulainike, ndipo sindano iingie.